Fundi, nisaini mkataba wa sevisi au niachane nao?

Kila ikifika Novemba meseji zenu zinabadilika. Mwezi uliopita mlikuwa mnanisumbua na pampu za maji na matenki, sasa hivi ni AC tu, na safari hii wengi wala hamuulizi imeharibika nini, mnauliza kuhusu karatasi: kuna mtu kabisha hodi na mkataba wa sevisi wa mwaka mzima, je nisaini? Na walioko kwenye baridi wanauliza hivohivo kuhusu hita zao. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndani yake kuna kitu kimenikera miaka yote niliyoshika spana, nyingine nimezipitia kwa kasi kidogo, mtanisamehe.

*

*Shikamoo fundi. Mimi nakaa Mbezi Beach, nina AC tatu za ukutani, ya sebuleni ni ya BTU 18000 (ndo ukubwa wake wa kupooza), za vyumbani mbili ni 12000 kila moja. Ya sebuleni tunawasha wageni wakija tu, ya chumbani kwetu kila usiku, ya watoto usiku ila kipindi cha joto. Juzi kaja kijana wa kampuni, msafi, tisheti ya kampuni, anasema tukilipa 480,000 kwa mwaka watakuja kila miezi mitatu kuosha AC zote na gesi wanajaza BURE kila mwaka. Baba watoto anasema ni wizi, mimi naona ni nafuu maana mwaka jana gesi peke yake tulilipa 90,000 ya chumbani kwetu na mwaka juzi pia tulijaza hiyohiyo. Nani yuko sahihi hapa? Mama Wawili, Mbezi Beach*

Marahaba mama. Mzee kakaribia zaidi, ila neno wizi ni kali, tuseme kijana anauza alichotumwa kuuza.

Tuanze na hesabu kwanza halafu nije kwenye hiyo gesi ya bure. AC tatu mara nne kwa mwaka ni sevisi 12, ukigawa 480,000 kwa 12 unapata 40,000 kwa kila sevisi. Fundi wa kumuita mwenyewe tuseme anachukua 30,000, najua kuna anayechukua pungufu na kuna wa zaidi. Haya, lakini swali sio 40 au 30, swali ni kwani unahitaji sevisi 12? Ya chumbani kwenu inayokoroma kila usiku ioshwe mara mbili kwa mwaka, kama mko kando ya barabara ya vumbi weka tatu. Ya watoto mara mbili. Ya sebuleni inayowashwa Idi na Krismasi, mara moja inatosha na chenji inabaki. Jumla tano, sawa na 150,000. Kwa hiyo ukisaini unaongeza 330,000 ili mtu aje kuosha AC ya sebuleni ambayo haijapata hata nafasi ya kuchafuka.

Na katikati ya sevisi na sevisi kazi kubwa ni ya kwako wewe na haimhitaji mtu wa tisheti. Zima AC, fungua ule mfuniko wa mbele, utaona nyavu mbili za plastiki, hizo ndo filta, zichomoe, zipige maji ya bomba kutokea upande wa nyuma ili vumbi lirudi lilikotokea, zikung'ute, zianike kivulini sio juani maana zinapinda, zikikauka rudisha. Dakika kumi. Kipindi cha joto fanya kila wiki mbili. Idara ya Nishati ya Marekani inasema kutoa filta iliyoziba na kuweka safi kunaweza kupunguza umeme unaoliwa na AC kwa asilimia 5 mpaka 15, sasa wewe unayenunua LUKU unajua asilimia 15 ni vocha ngapi kwa mwezi.

Niliwahi kuitwa Upanga, mwenye nyumba analalamika AC haipoozi na ameshajaza gesi mara mbili kwa mafundi wawili tofauti, ndani ya mwezi mmoja. Nikafungua mfuniko, nikavuta filta, ikatoka kama kipande cha blanketi, nywele za paka zimeshikana na vumbi mpaka zimekuwa kitambaa kabisa ungeweza kushonea kofia. Nyuma yake koili imejaa barafu, hewa haipiti, na fundi mvivu akiona barafu anasema gesi, kumbe barafu inakuja pia hewa ikiziba. Nikaziosha bafuni kwake, tukaacha barafu iyeyuke huku tunakunywa chai, tukawasha, chumba kikapoa. Paka mwenyewe alikuwa kalala juu ya kochi anatuangalia.

Sasa gesi. Mama, gesi ya AC sio petroli na sio mtungi wa jikoni. AC haiiunguzi, haiili, na haichakai kwa kutumika. Inazunguka tu ndani ya mabomba ya kopa yaliyofungwa, kompresa inaisukuma, inabeba joto la ndani inakwenda kulitema nje, inarudi tena. Ile iliyowekwa siku AC inafungwa inatakiwa iwemo mpaka siku inakwenda kwa wanunuzi wa skrepa. Ikipungua kuna sehemu inavuja, hamna maelezo mengine. Kwa hiyo fundi aliyejaza mwaka juzi akajaza tena mwaka jana hakutengeneza kitu hapo, alitia maji kwenye ndoo iliyotoboka akakuchaji maji.

Ndo maana hiyo "gesi bure kila mwaka", ambayo wewe umeiona nafuu, kwangu mimi ndo sababu ya kutosaini. Kampuni inayojua kazi ingeandika tutatafuta inapovuja, tutaziba, tutanyonya hewa yote kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu, tutarudisha gesi kwa kupima kwa mizani. Inayoandika gesi bure kila mwaka imeshapanga kuliacha hilo tobo lako lilivyo, na 480,000 yako ndo inayonunua hiyo gesi.

Kabla hujaita mtu yeyote, chukua tochi usiku au mchana ukainame kwenye yuniti ya nje, pale mabomba mawili ya kopa yanapoingilia kwenye nati za shaba. Ukiona pana mafutamafuta na vumbi limegandia hapohapo, mara nyingi ni pale, kwa sababu mafuta ya kompresa yanatembea pamoja na gesi na gesi ikitoroka inayaacha mlangoni. Fundi apake povu la sabuni ya vyombo kwenye nati akae aangalie, vipovu vikianza kututumka vyenyewe amepata. Mara nyingi ni kukata bomba kidogo, kulitanua mdomo upya na kukaza nati vizuri, kazi ya saa moja, na gesi hutajaza tena.

Jambo jingine, soma stika ya hiyo yuniti ya nje. Itakuwa imeandikwa aina ya gesi, R22, R410A au R32, na gramu ngapi. Fundi akifunga geji ya kupimia presha ajue anasoma nini na wewe ujue: kwa R22 upande wa kunyonya huwa unacheza kwenye psi 60 na 70 hivi AC ikiwa inafanya kazi, R410A inapita 110. Sasa mtu akikuonyesha 70 kwenye AC ya R410A na filta ni safi, huenda kweli imepungua, ila akikuonyesha 70 kwenye ya R22 na bado anataka kuongeza, muulize anaongeza nini. Hizi za inverta geji inapanda na kushuka kompresa ikibadilisha mwendo, usiamini geji peke yake, dai mizani. Na kama ni R22 basi ni AC ya siku nyingi, kwenye Itifaki ya Montreal, makubaliano ya dunia ya kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea kama yetu zilitakiwa zishushe matumizi ya gesi za ukoo huo kwa asilimia 67.5 kufikia 2025 na asilimia 97.5 kufikia 2030, mimi nisingeifungia mkataba wowote, ningeanza kudunduliza ya kununua nyingine.

Mwambie kijana hivi, asante, lakini nataka sevisi tano na ya chumbani mtafute inapovuja. Akikubali kwa 150,000 au hata 180,000 mchukue, kuwa na kampuni yenye ofisi unayoijua mlango wake sio kitu kibaya.

*

*Niaje fundi. Niko Minneapolis, tumenunua nyumba mwaka huu, ya kwanza maishani. Joto la ndani linatoka kwa fanesi ya gesi kule beizimenti, ina miaka 14, na kuna AC ya nje iliwekwa na mwenye nyumba wa zamani miaka 2 iliyopita. Sasa jamaa fulani akabisha mlango, sikuwa nimemuita, akaangalia angalia akasema kwa dola 22 kwa mwezi watakuja mara mbili kwa mwaka, mara moja kabla ya baridi na mara moja kabla ya joto, ripea napunguziwa asilimia 15, na nikipiga simu usiku wa baridi mimi natangulizwa. Alafu akasema nisipokuwa kwa plan yao waranti ya AC inakufa. Nimesaini jana. Bibi yangu amenuna mpaka sasa. Nimeuliza kampuni zingine mbili, moja inasema ziara moja bila plan ni dola 129, ingine 149. Nimekosea? Baba Kijacho, Minneapolis*

Huyu kaka nilimjibu kwa WhatsApp siku ileile sikusubiri gazeti, kwa sababu siku zake zilikuwa zinahesabika. Marekani kuna kanuni ya FTC, tume ya serikali inayolinda wanunuzi, kwamba ukiuziwa kitu mlangoni kwako bila wewe kumuita muuzaji, kuanzia dola 25, una siku tatu za kazi za kubatilisha bila kueleza sababu, Jumamosi inahesabiwa, Jumapili na sikukuu za serikali hazihesabiwi. Nilimwambia asafishe kwanza hilo, aandike barua ya kufuta, aitume kwa posta kwa njia yenye risiti, halafu ndo akae na mkewe waamue kwa utulivu, kama ni kurudi watarudi, kampuni haitakimbia.

Haya, hesabu. Dola 22 mara 12 ni 264. Ziara mbili kwa bei ulizoulizia ni 258 au 298. Kwa hiyo bei sio mbaya, mkeo amenuna kwa kitu kingine nadhani, kwamba umesaini peke yako, hilo mimi sio fundi wake. Swali ni lilelile nililomwambia mama wa Mbezi: unazihitaji zote mbili? AC ya miaka miwili, Minnesota, inayofanya kazi kwa nguvu miezi mitatu, ukizima umeme wake ukaisafisha majani na pamba za miti kwa mpira wa maji taratibu umeifanyia sehemu kubwa ya kinachohitajika mwaka huu. Fanesi ndo ya kuangaliwa kila mwaka kabla ya baridi, na hiyo ni ziara moja, 129 au 149. Kinachobaki, kama dola 120 hivi, unanunua nafasi kwenye foleni.

Na hapo mimi na mkeo tunaweza tukapishana, maana mnategemea mtoto, na Januari ya huko mnafika nyuzi 20 chini ya sifuri, fanesi ikizima saa nane usiku hiyo foleni ina thamani kuliko inavyoonekana ukiwa umekaa Oktoba. Lakini soma karatasi imeandikaje. Kama imeandikwa fundi atafika ndani ya saa 24, au 12, hapo umenunua kitu. Kama imeandikwa tu kwamba utapewa kipaumbele, usiku wa baridi kali wateja wote wa plan watapiga simu kwa wakati mmoja na wote wana kipaumbele, sasa nani anamtangulia nani. Asilimia 15 ya ripea nayo inapunguzwa kwenye bei ambayo wamepanga wao wenyewe, usiihesabu sana.

La waranti ni uongo wa kawaida wa mlangoni. Marekani kuna sheria ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, ambayo kwa ujumla inamkataza mwenye kutoa waranti kukulazimisha utumie kampuni fulani kwa kulipia ili waranti iendelee. Wanaweza kudai uthibitisho kwamba mashine ilihudumiwa, ndio, kwa hiyo tunza risiti za fundi yeyote aliye na leseni, zipige picha maana karatasi za risiti zinafutika.

Sasa kitu kimoja ambacho hakifanani na AC zetu za pwani. Fanesi inaunguza gesi kweli, moto uko mle ndani, na kati ya moto na hewa mnayovuta kuna chemba ya chuma. Chemba ikipasuka au bomba la moshi likiziba, hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi inaweza kuingia ndani na haina harufu. Sheria ya Minnesota inataka kengele ya hewa hiyo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Nenda kaangalie leo, bonyeza kitufe cha kujaribu, angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma. Ikilia, toeni watu nje kwanza, simu ya 911 utapiga ukiwa nje. Ila pia wapo wanaotumia hofu hiyo kuuza, fundi akikwambia chemba imepasuka lazima ununue fanesi mpya leo, mwambie akuonyeshe kwa kamera, zimeni, leteni wa pili athibitishe.

Filta ya fanesi iangalie kila mwezi, ina mshale, mshale uelekee kwenye fanesi sio kinyume, nimeona watu wanaweka kinyume miaka. Na kwa kuwa fanesi nyingi zinaenda miaka 15 mpaka 20 na yako ina 14, ukiamua kuacha plan hizo dola 120 zisiliwe, ziwekwe pembeni za fanesi mpya.

*

*Fundi habari za kazi. Niko Leicester, nimepanga. Kila siku napata barua za kulipia bima ya boila pauni kadhaa kwa mwezi, wanasema nisipolipa nikiharibikiwa baridi itaniua. Nilipe? Mpangaji*

Usilipe. Wewe ni mpangaji, boila sio yako. Uingereza kwenye upangaji wa kawaida mwenye nyumba ndo anayetakiwa kutengeneza mitambo ya joto na maji moto, iko kwenye sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11. Na kama ni ya gesi analazimika ikaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, ile orodha rasmi ya mafundi gesi wa huko, halafu nakala ya cheti akupe ndani ya siku 28. Mwandikie leo kwa imeili, sio kwa simu, muombe cheti cha mwaka huu. Akikupa, soma tarehe. Asipokupa, una shida kubwa kuliko bima, nenda halmashauri.

*

*Mambo fundi, mimi ni msimamizi wa nyumba ya wageni Paje, vyumba vinne, kila chumba AC moja. Bosi wangu yuko Arusha anasema mkataba wa nini, ita fundi ikiharibika. Mimi ndo ninayeamshwa usiku. Naomba nimuonyeshe gazeti. Msimamizi*

Bosi, kama unasoma, saini.

Kwa wewe hesabu ni nyingine kabisa na ya mama wa Mbezi. Yeye AC ikizima atalala na feni, kesho atanipigia. Wewe mgeni kalipa, saa tano usiku chumba kinachemka, asubuhi anadai hela yake na anaandika maoni yatakayosomwa miaka mitatu. Fundi wa kumuita usiku Paje anatokea mjini, ukimpata. Usiku mmoja wa kumrudishia mgeni hela unaweza kulingana na sevisi za mwaka mzima za chumba kile.

Lakini mkataba wa pwani sio wa kuosha filta. Andikeni kwa maneno kwamba kila ziara wanaosha yuniti ya NJE. Chumvi ya bahari inakaa kwenye vile vibati vyembamba vya alumini nyuma ya yuniti, vinageuka unga mweupe, ukivigusa kwa kidole vinamomonyoka kama biskuti iliyoingia maji, na vikishaisha AC haina pa kutemea joto hata ungeijaza gesi ya dunia nzima. Wewe msimamizi mwenyewe kila wiki zima umeme, ipige maji matamu kwa mpira, sio pressure kubwa inayolaza vibati, na sio maji ya kisima yanayoonja chumvi, hapo utakuwa unaiongezea ugonjwa. Ukinunua nyingine chagua zile ambazo vibati vyake vimepakwa rangi ya kinga, utaziona ni za bluu au za dhahabu. Na mrija wa maji waupulize kila ziara, unaota utelezi ndani, ukiziba maji yanamwagikia kitandani kwa mgeni.

*

*Assalaam alaykum. Miye nipo Muscat, nyumba yetu ina viyoyozi tisa vya ukutani. Kampuni imeleta bei mbili za AMC, yaani mkataba wa sevisi wa mwaka, moja rahisi moja ghali karibu mara mbili. Jee tofauti ni nini na tuchukue ipi? Bibi wa Muscat*

Waalaykum salaam bibi. Kwa viyoyozi tisa, huko kwenu, na vumbi lile, mkataba ni sawa tu, kwanza kuwaita mmojammoja utachoka wewe. Ile rahisi kwa kawaida ni ya mikono tu, wanakuja, wanaosha, kikiharibika kitu unanunua mwenyewe. Ile ghali ndani yake mna vipuri, lakini waulize kompresa imo au haimo, maana hapo ndipo penye pesa na mara nyingi wameitoa kwa maandishi madogo. Kama viyoyozi vyenu vina miaka miwili mitatu na vina waranti, chukueni rahisi. Kama vimezeeka, miaka saba nane, na ile ghali ina kompresa kweli, ichukueni hiyo, watajuta wao. Na muhimu kuliko bei ni tarehe: ziara kubwa ya kuosha iwe Machi, kabla joto halijapanda, msikubali kupangiwa Julai ambapo kila mtu anawaita na fundi anaosha kwa haraka kama anafukuzwa. Kama mmepanga nyumba hiyo, someni kwanza mkataba wa nyumba, isije ikawa ni kazi ya mwenye nyumba.

*

*Fundi mimi nimeshasaini mkataba tangu Machi na AC imekufa kabisa, haiwaki hata taa. Wamekuja wanasema bodi imeungua, kuna mjusi kaingia, na mkataba haulipii wadudu wala wanyama. Bodi mpya wanataka laki tatu na nusu. Mjusi jamani? Wa Tanga*

Mjusi kafiri, ndio, wala hawajakutania. Yuniti ya nje ina joto, ina giza, usiku inavuta wadudu, yeye anafuata chakula anapanda kwenye bodi, mguu mmoja huku mkia kule, anaunganisha umeme, pwaa. Nimewakuta wamekauka wamenyooka kama wamepigwa pasi, siku moja walikuwa wawili kwenye bodi moja.

Kuhusu mkataba, kama mstari wa wanyama umo na umesaini, wako sahihi, hilo limekwisha. Lakini usilipe laki tatu na nusu kwa maneno. Mwambie afungue ukiwepo, mjusi unataka kumuona kwa macho au picha yake kwenye bodi yenye namba ya AC yako. Halafu apime fyuzi iliyo kwenye bodi, kidude kidogo cha kioo au cheupe, mara nyingine kinachokufa ni hicho tu pamoja na kifaa kimoja pembeni yake na bodi ni nzima. Kama bodi kweli imeungua utaona weusi na utasikia harufu, hapo peleka kwanza kwa fundi wa bodi, wapo Tanga mjini wanaotengeneza bodi za televisheni, hizi hawazishindwi, kabla hujanunua mpya. Ukinunua mpya dai ile ya zamani ubaki nayo nyumbani. Na kabla hajarudisha mfuniko azibe kwa silikoni lile tundu waya zinapoingilia, ndo mlango wa mjusi, na nina uhakika tangu Machi wamekuja wakaosha na wakaliona liko wazi.